Ufito wa nyuzi za kaboni kwenye pendulamu ya saa: uzoefu wangu

Pendulamu ya saa yangu huhesabu sekunde moja kila inapovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ufito wake wa zamani ulikuwa wa feleji. Joto la chumba lilipopanda kwa digrii 10, saa ilichelewa takriban sekunde 5 kwa siku, kwa kuwa kila mita ya feleji hurefuka maikromita 11 hivi kwa digrii moja, na pendulamu ikirefuka huyumba polepole zaidi. Ningeweza kununua inva, ile aloi ya chuma na nikeli isiyotanuka sana kwa joto, ya Charles Édouard Guillaume, mshindi wa Tuzo ya Nobel mwaka 1920, lakini inva huvutwa na sumaku, nami nikachagua kaboni ya unene wa milimita 6.

Muuzaji alieleza kwamba ufito huo hautanuki kabisa. Kwa urefu alikaribia ukweli: nyuzi zenyewe hunywea kidogo zinapopata joto, epoksi inayozishikanisha hutanuka, na mambo hayo mawili karibu hufutana. Kwa unene hali ni tofauti kabisa, maana huko epoksi ndiyo inayotawala.

Niliukata kwa msumeno wa meno madogo huku nimevaa barakoa, kwani vumbi lake jeusi huwasha ngozi na halifai kuvutwa puani, kisha nikagundisha vipande vya shaba njano kwenye ncha badala ya kuubana kwa skrubu, ambayo ingeupasua.

Kosa langu lilikuwa kwenye uzito wa chini. Niliurudisha kama ulivyokuwa, silinda ya shaba njano yenye kimo cha milimita 120 iliyokalia nati, na siku za joto saa ikaanza kwenda mbele karibu nusu sekunde kwa siku. Shaba ilikuwa ikitanuka kuelekea juu kutoka kwenye nati na kuinua kitovu cha uzito, wakati ufito haukushuka tena kufidia. Nilichonga tundu pana kutoka chini hadi katikati ya silinda, nikapandisha nati humo ili uzito uning'inie kwenye kitovu chake.

Tangu hapo tofauti iliyobaki ni ndogo mno, nami naihusisha na springi ya kuning'inizia pamoja na wepesi wa hewa yenye joto. Ufito nimeuridhia kikamilifu. Ila muuzaji angepaswa kuandika kiwango halisi cha kutanuka na kueleza kama nyuzi zote zimelazwa kwa urefu, kwa sababu ufito wa nyuzi zilizosukwa hauna tabia hiyo hiyo.