"Thrash", "trounce", "drub": kamusi zipi za bure zinavimudu vitenzi vya kipigo?

Kwa mfasiri au mwandishi wa michezo anayetafuta kitenzi cha Kiingereza cha kumpiga mtu kwa nguvu au kumshinda vibaya, zana ya kwanza kufungua ni Oxford Learner's Dictionaries. Ya pili ni kopasi ya COCA, yaani ghala la matini halisi. Thesauri (kamusi ya visawe) ya Merriam-Webster, ambayo wengi huanza nayo, ingefaa ije mwisho. Zote tatu zinapatikana mtandaoni bila malipo, na hapa zimepimwa kwa kazi hiyo moja tu.

Kazi yenyewe si nyepesi. Kiswahili nacho kina utajiri huo: timu inachapwa, inatandikwa, inanyukwa, inacharazwa mabao, na msomaji anajua hakuna aliyeshikiwa fimbo. Anajua pia kwamba aliyefungwa 1–0 hakucharazwa. Kiingereza kina madaraja ya namna hiyo hiyo, ila mgeni hawezi kuyahisi kwa sikio, hivyo anahitaji kamusi imwambie mambo manne: kipigo ni kimoja au ni mfululizo, kinatumia nini, nani husema hivyo, na kitenzi kinataka shamirisho gani, yaani mtu au kitu gani cha kutendwa.

Thesauri haijibu hata moja kati ya hayo. Tafuta "beat" na utapewa "batter", "pummel", "thrash", "whip", "drub" na "lambaste" kwenye kapu moja, kana kwamba unaweza kuchota lolote. Tatizo linaanzia hapo. "Pummel" ni ngumi mfululizo, nyingi na za haraka, kwa hiyo pigo moja haliitwi hivyo hata liwe zito kiasi gani. Pigo moja zito ni "wallop" au "clobber". "Lambaste" zamani ilikuwa kupiga kweli, lakini leo karibu kila mara ni kumshambulia mtu kwa maneno. Ukiandika kwamba timu moja ili-"lambaste" nyingine 4–0, msomaji atadhani kocha alitoa maneno makali baada ya mechi. Na "smite", ambayo hujitokeza kwenye orodha za aina hii, ni ya maandiko ya kale. Umbo lake "smitten" siku hizi humaanisha mtu aliyezama katika mapenzi.

Upande wa kamusi wa Merriam-Webster, tofauti na thesauri yake, ni mzuri sana kwa asili za maneno. Hapo utaona kwamba "thrash" ni ndugu wa "thresh", yaani kupura nafaka, njia ile ile iliyopitiwa na Kiswahili pale anayepigwa anaposemwa "ametwangwa". Cha kufurahisha zaidi ni "drub": huenda limetokana na Kiarabu "daraba", kupiga, mzizi ule ule uliotupa dharuba na dhoruba. Kama ndivyo, neno hilo ni la ukoo wetu, na kulikumbuka si kazi.

Sasa Oxford. Nguvu yake iko kwenye mstari mdogo unaotangulia maana, ambao wengi huuruka. Mstari huo unaonyesha muundo: "thrash somebody" ni elekezi, lazima pawe na anayepigwa. "Thrash about" haina anayepigwa; ni kurusharusha mikono na miguu, kama samaki aliyetolewa majini. "Thrash out" ni kujadili jambo hadi lipatiwe ufumbuzi. Maana tatu, tofauti ni kijineno kimoja. Kando yake kuna lebo za rejesta (neno ni rasmi au la mazungumzo) na za eneo. "Wallop" na "clobber" ni za mazungumzo, hazifai kwenye ripoti rasmi, "trounce" inafaa.

Mstari huo huo unatibu kosa kubwa kuliko yote, la kuchanganya "win" na "beat". Kiswahili kina "kushinda" moja tu: tunashinda mechi, tunamshinda mpinzani. Ndiyo maana "we won them 3–1" inaandikwa sana, nayo si sahihi. "Win" inachukua kitu: mechi, kombe, tuzo, uchaguzi. "Beat" inachukua mtu au timu. Kwa hiyo ni "we beat them 3–1" na "we won the match". Tofauti ya mabao inatanguliwa na "by", na mchezo unatanguliwa na "at", kama vile kumshinda mtu "at chess". Vitenzi vyote vizito, "thrash", "trounce", "hammer", "rout", vinafuata mkondo wa "beat".

Bonyeza pia sehemu ya maumbo ya kitenzi kabla ya kuandika wakati uliopita. "Beat" hubaki "beat", kisha huwa "beaten". "Drub" na "whip" zina silabi moja, hivyo konsonanti inajirudia: "drubbed", "whipped". "Wallop" ina mkazo kwenye silabi ya kwanza, hivyo ni "walloped", p moja. "Pummel" inavunja kanuni hiyo Uingereza, ambako huandikwa "pummelled", huku Marekani wakitosheka na l moja. Na uwe mwangalifu na "hammered" peke yake: "they were hammered" bila matokeo ya mechi inaweza kusomeka kwamba walikuwa wamelewa chakari. Weka "5–0" mbele yake na utata unakwisha.

COCA ni ghala la matini ya Kiingereza cha Marekani ya kuanzia 1990 hadi 2019, maneno zaidi ya bilioni 1, yaliyogawanywa katika aina nane zikiwamo magazeti, hadithi na maandishi ya kitaaluma. Lazima ujisajili. Andika kitenzi kwa herufi kubwa, TROUNCE, nayo italeta maumbo yake yote kwa pamoja; kisha soma mistari ishirini hivi na uangalie kinachofuata kitenzi. Hapo ndipo utakapogundua kwamba baadhi ya vitenzi hivi huishi zaidi kama nomino: watu husema "suffer a drubbing" mara nyingi kuliko "drub". Vivyo hivyo "shellacking", iliyotokana na aina ya vanishi, na ambayo Barack Obama aliitumia Novemba 2010 kuelezea kipigo cha chama chake kwenye uchaguzi wa katikati ya muhula. Udhaifu wa COCA ni huo Umarekani wake: "thrash" ya michezo, inayopendwa zaidi Uingereza, itaonekana adimu kuliko ilivyo. Tovuti hiyo hiyo ina BNC, maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza, ingawa ni ya mwishoni mwa karne ya 20.

Kwa matamshi rudi Oxford, yenye vitufe viwili, cha Uingereza na cha Marekani. Anza na "rout": inaimbana na "out", na Mwingereza akiisikia kama "root" ataelewa "route", yaani njia.