Tairodi iliyogoma kwenye Land Cruiser: nyundo au pula?

Tairodi, yaani fimbo inayounganisha stelingi na magurudumu, ikivunjika, kichwa chake hubaki kimeng'ang'ania kwenye tundu lake, maana shina lake limechongwa kwa umbo la koni na kukazwa kwa nati. Nyundo ndiyo ya haraka: legeza nati bila kuitoa yote, kisha piga ubavu wa tundu lililoshika shina, usipige ncha yenye nyuzi, hadi koni iachie. Porini mimi huanza nayo. Pula, kifaa chenye meno cha kung'olea, huvuta taratibu, ila ile ya bei rahisi hupinda meno mapema.

Kwa mkono unaotoka kwenye boksi ya stelingi, nyundo weka kando kabisa: mapigo huumiza beringi na gia za ndani. Hapo ni pula nene, dawa ya kutu na subira.