Winchi ya Kuvuta Pauni 12,000: Mota Safi, Nyaya za Aibu

Tik. Tik. Umesikia? Nabonyeza rimoti, boksi la swichi linaitika, ngoma haisogei hata robo. Mvua za Dodoma zikishika, gari likizama kwenye tope jeusi la Bahi, ndiyo sauti utakayoisikia ukiifunga winchi hii kwa nyaya zilizokuja nayo na kwa namna kile kikaratasi chao cha maelekezo kinavyoonyesha.

Karibuni wakuu. Hii ni winchi ya bampa ya kukwamua gari, inavuta pauni 12,000 za uzito (siyo bei hiyo), volti 12, ina kamba ya plastiki, habari za gia soma kwenye katoni lake. Jina nalo siwatajii, maana stika inabadilika kila kontena likishuka, chuma ndani ni kile kile. Mota naipenda. Ina nguvu, haipigi kelele za kijinga. Kilichonikera ni umeme, na leo tutakaa hapo hapo.

Kamera isogee hapa. Mota ina nguzo tatu za kufungia nyaya juu, F1, F2 na A. Ya nne iko huku chini kitakoni, hiyo ni ethi, njia ya umeme kurudi hasi ya betri. Sasa tazama kikaratasi kinakotupeleka: ethi ifungwe kwenye bolti ya bampa! Winchi ikielemewa inakula ampea 400 na zaidi. Unataka ampea 400 zipite kwenye rangi, kutu, bolti ya bampa, chesi, halafu zikaitafute betri kupitia ule waya mwembamba wa ethi wa injini? Njia hiyo inakula volti.

Usiniamini kwa maneno, tupime. Mita iko kwenye volti za DC, ishirini. Ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri. Nimesema nguzo yenyewe, ile risasi, siyo kichwa cha waya. Ncha ya pili kwenye nati ya ethi ya mota. Kamba imefungwa kwenye pikapu iliyobanwa breki kidogo, kwa sababu winchi isiyo na mzigo haitakuonyesha tatizo. Injini inanguruma. Bonyeza... volti 2.1. Hizo zimepotea njiani upande wa ethi peke yake, na betri ikielemewa yenyewe inashuka. Mota inabaki na tisa hivi, kontakta, ile swichi ya umeme ndani ya boksi, inaanza kutetemeka, ndiyo hiyo tik tik.

Nahamisha ethi, natoa kwenye mota moja kwa moja mpaka hasi ya betri, waya wa mil 50, yaani milimita za mraba. Bonyeza tena. 0.3. Mota ile ile, betri ile ile, na pikapu inakuja yenyewe.

Kipimo hicho hicho fanya upande wa chanya, kutoka nguzo chanya ya betri mpaka nguzo ya boksi inapoingia nyekundu. Ikizidi nusu volti kuna kichwa kimelegea, kimeoza, au waya ni mwembamba. Halafu pima kuvuka kontakta, inapoingilia na inapotokea, huku umebonyeza. Ukikuta volti moja nzima imepotea hapo ndani, vikombe vyake, pale shaba zinapogusana, vimeungua. Badilisha boksi, usilifungue kulipiga msasa, litakurudisha.

Na huu waya wao, njooni muone. Nakuna kwa kisu... nje shaba, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa shaba! Unene wa nje unakudanganya, maana alumini inahitaji mil (eneo la mkato) zaidi ya mara moja na nusu ili ibebe sawa na shaba. Uuzeni kwa chuma chakavu. Nunua shaba tupu, mil 35 kama betri iko jirani na bampa, mil 50 kama iko mbali. Vichwa vibanwe kwa mashine ya kubania, siyo nyundo na patasi kama tunavyofanyiwa mitaani.

Kama hakuna tik kabisa, acha nyaya nene. Tatizo liko kwenye umeme mdogo. Vumbi letu hili la Dodoma linaingia kwenye soketi ya rimoti, tope linafuata, pini zinaota kijani. Kwenye boksi hili pini moja ina volti 12 muda wote, mbili nyingine zinakwenda kwenye koili za kontakta, moja ya kuvuta, moja ya kuachia. Unganisha ile ya 12 na mojawapo kwa kipande cha waya chenye fyuzi ya ampea 5. Ikiita tik, rimoti ndiyo mgonjwa. Ikinyamaza, tafuta waya mwembamba wa ethi wa boksi. Ukilegea huo, boksi zima limekufa. Inavuta lakini haiachii? Koili moja au swichi moja ya rimoti.

Ukitaka kuisafisha mota jina, legeza klachi ngoma ielee, ondoa nyaya za boksi kwenye mota, ethi iache. Unganisha F1 na A kwa waya mnene, chanya ya betri igusishe F2. Inazunguka? Geuza, F2 na A, chanya kwenye F1. Ikizunguka huku na huku mota ni nzima, boksi ndilo bovu. Ikikataa zote, angalia kaboni, zile brashi za ndani ya mota.

Wale wa winchi za Warn najua mnacheka huko chini kwenye maoni. Ni kweli, nyaya zao huwezi kuzitukana. Lakini bei ya Zeon yao moja unabeba hizi kadhaa, na hii ukiongeza nyaya za shaba bado umebaki na pesa ya matairi. Muuzaji akikwambia bei, muulize bila nyaya ni kiasi gani. Wengine wanapunguza.

Kuna aliyeuliza kwenye video iliyopita kwa nini haina fyuzi. Nyingi hazina. Weka masta swichi jirani na betri, ya kubeba ampea 400 au zaidi, na iwe mahali mkono unafika. Volti ikishuka, kontakta inatetemeka, inapiga cheche, vikombe vinagandana, umeachia rimoti na ngoma bado inavuta ndoano kuingia kwenye bampa. Hapo rimoti haikusaidii kitu.

Tena vuta kwa vipande, nusu dakika, pumzika. Alteneta ya Land Cruiser Hardtop ya zamani haizidi ampea mia, zilizobaki zote zinatoka kwenye hiyo betri yako ya N70.

Video ijayo tunafunga betri ya pili kwenye gari hili hili. Mwenye Canter anataka ya volti 24 aandike hapo chini, maana boksi lake ni tofauti na koili za 12 zitaungua. Kabla hujaenda, soketi ya rimoti ipake grisi ya silikoni na ifunike kwa kile kifuniko cha mpira, hasa kama unaosha gari kwa presha.