Tathmini ya Can I Use: je, inamtosha anayeandika CSS ya leo?

Kazi nyingi ambazo zamani hatukuweza kuzifanya bila JavaScript, lugha ya programu ya kivinjari, sasa zinafanywa na CSS yenyewe, lugha ya kupamba kurasa za wavuti, na kwa mtengenezaji wa tovuti ugumu umehamia kwenye kujua ni lini kipengele kipya kinaweza kukabidhiwa kwa wateja bila kuwavurugia ukurasa. Can I Use, tovuti ya bure iliyoanzishwa na Alexis Deveria, hujibu swali hilo, na kwa maoni yangu hakuna chombo kinachotufaa zaidi sisi tunaowahudumia watumiaji wa Afrika Mashariki, ingawa kina mapungufu ambayo lazima mtu ayajue kabla ya kukitegemea.

Tuchukue mfano wa `:has()`, kiteuzi (maneno ya CSS yanayochagua kipande cha ukurasa cha kupambwa) kinachoruhusu elementi mzazi, yaani kipande kinachobeba vingine, kupambwa kulingana na kilichomo ndani yake. Katika fomu ya usajili, mstari mmoja tu, `.sehemu:has(input:user-invalid)`, unatosha kuibadilisha rangi sehemu nzima, pamoja na lebo yake, pale mtu anapoandika namba ya simu isiyofuata utaratibu. Ukikitafuta kipengele hiki kwenye Can I Use, unaletewa jedwali lenye safu moja kwa kila kivinjari: kijani kwa matoleo yanayokikubali, nyekundu kwa yasiyokikubali, na rangi ya zeituni kwa yanayokikubali nusunusu. Hapo utaona kwamba Safari ilikipokea katika toleo la 15.4, Machi 2022, Chrome katika toleo la 105, Agosti mwaka huohuo, ilhali Firefox ilichelewa hadi toleo la 121, Desemba 2023. Tofauti hiyo ya karibu miaka miwili ndiyo inayoamua kama fomu yako itamwonyesha mteja kosa lake au itakaa kimya.

Uzuri mkubwa wa tovuti hii umejificha kwenye mipangilio, na ninasikitika kwamba wengi hawafiki huko. Unaweza kuchagua nchi, iwe Tanzania, Kenya au Uganda, na asilimia ya watumiaji wanaofikiwa na kipengele ikahesabiwa kwa takwimu za nchi hiyo kutoka StatCounter, kampuni inayohesabu matumizi ya vivinjari, badala ya wastani wa dunia. Aidha, upo mwonekano unaopanua au kufinya kila kisanduku kulingana na wingi wa watumiaji, kiasi kwamba safu nyekundu inayotisha kwa macho huweza kubaki uzi mwembamba tu, au kinyume chake.

Safu ya Opera Mini ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi. Kivinjari hicho, ambacho wengi wamekipenda kwa sababu kinaokoa bando, huweza kuuchakata ukurasa kwenye seva za Opera na kuutuma simuni ukiwa umebanwa, na kwa hiyo vipengele vingi vipya, `:has()` kikiwamo, havifanyi kazi humo. MDN, maktaba ya maelezo iliyoanzishwa na Mozilla mwaka 2005, inafundisha matumizi ya kila kipengele vizuri kuliko Can I Use, ambayo haifundishi kabisa. Lakini alama ya Baseline inayoonyeshwa na MDN, ya kueleza kipengele kimeenea kiasi gani, hupima Chrome, Edge, Firefox na Safari pekee, na kukihesabu kipengele kuwa kimeenea miezi 30 baada ya vyote hivyo kukipokea. Anayeifuata alama hiyo peke yake huwasahau watu wa Opera Mini, nami siwezi kukubali kuwaacha.

Mapungufu yapo. Takwimu za StatCounter hutokana na tovuti zilizoweka msimbo wake, hivyo wageni wa tovuti yako wanaweza kuwa tofauti kabisa na picha hiyo. Zichukuliwe kama makadirio. Vilevile, rangi ya kijani haisemi lolote kuhusu wepesi wa ukurasa kwenye simu ya bei nafuu, jambo ambalo hujulikana kwa kuishika simu yenyewe na kujaribu.

Jedwali pia halikwambii ufanye nini ukikuta wekundu, na hapo ndipo ujuzi wako unapohitajika. Kwa kadi ya bidhaa inayotumia `container-type: inline-size` na `@container`, kanuni zinazobadilisha mpangilio kulingana na upana wa kontena, yaani kisanduku kilichoibeba kadi, ambazo vivinjari vikuu vyote vimezikubali tangu Februari 2023, mimi huandika kwanza mpangilio wa safu moja unaosomeka popote, kisha kanuni ya kontena ikaongeza safu ya pili pale penye nafasi; kivinjari kisichoielewa huiruka tu, na mteja bado anaiona bei na kitufe cha kununua. Kwa `:has()`, kanuni ya `@supports selector(:has(a))` hufanya kazi kama hiyo: yaliyomo ndani yake hutumika tu pale kivinjari kinapokielewa kiteuzi hicho.

Ninaipendekeza kwa moyo wote. Anayeifungua kwa mara ya kwanza abadilishe nchi kwenye mipangilio kabla ya kusoma asilimia yoyote.