Kusubiri bafa: fanksheni ya keneli au ya kwako?

Wenzetu wa Kampala mnaotunza draiva za michoro za Linux, msimbo wa kusubiri bafa (eneo la kumbukumbu linalotumiwa na kadi ya michoro) hadi kadi imalize kazi nayo ukijirudia, mna njia mbili. Fanksheni ya keneli, drm_gem_dma_resv_wait, hupokea namba ya bafa kutoka kwa programu, huitafuta, husubiri na kuiachilia. Hurudisha 0 ikifaulu, -ETIME muda ukiisha. Kwa ioctl (ombi ambalo programu hutuma kwa draiva), tumieni hii tu.

Draiva ikiwa imeshika bafa yenyewe, bila namba, andikeni fanksheni yenu moja inayoita dma_resv_wait_timeout ya keneli. Hapa ndipo wengi huumia: 0 maana yake muda umeisha, namba chanya ndiyo mafanikio. Ukinakili "if (ret) return ret;", ukaguzi unaofaa fanksheni ya kwanza, muda ukiisha msimbo unaendelea kusoma bafa ambayo kadi bado inaiandika.