Windows 10 imefikia kikomo: ununue mashine nyingine au uhame mfumo?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya usalama ya Windows 10. Kompyuta haikuzima siku hiyo wala haitazima. Itawaka, itachapa, itaingia intaneti. Ila kila tundu jipya litakalogunduliwa ndani yake litabaki wazi, na mashine inayobeba nywila za benki na barua za ofisi haifai kuachwa hivyo. Ipo nyongeza ya mwaka mmoja kwa anayejiandikisha, nayo inakoma tarehe 13 Oktoba 2026.

Chaguo zilizo hapa chini tumezipanga kwa kazi za huku Nyanda za Juu Kusini: steshenari ya Mwanjelwa, mwalimu wa Makete, mwanafunzi wa MUST au Mkwawa, karani wa AMCOS, mfanyabiashara wa mbao Mafinga. Juu kabisa tumeweka linalowafaa wengi wao kwa fedha ndogo.

Kabla ya yote, soma namba ya prosesa (chipu inayoendesha kompyuta)

Stika ya Core i5 peke yake haisemi kitu. Kuna i5 za mwaka 2010 na kuna i5 za juzi. Bofya kulia kwenye This PC, chagua Properties, soma namba yote. Tarakimu za mwanzo baada ya kistari ndizo kizazi: i5-4300U ni kizazi cha 4, i5-7300U cha 7, i5-8250U cha 8, i5-10210U cha 10. Kwa Intel, Windows 11 inapokea kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha prosesa chache mno za kizazi cha 7. Inataka pia chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 na nafasi ya diski ya GB 64. Hiyo GB 4 ni ya kwenye karatasi. Fungua Chrome na Word kwa pamoja uone mashine inavyovuta miguu. Hesabu GB 8. Kwa AMD usikisie namba, pakua programu ya Microsoft iitwayo PC Health Check ikupe jibu.

Kama mashine uliyonayo ni ya kizazi cha 8 au zaidi, kupanda kwenda Windows 11 ni bure. Rudisha pochi mfukoni.

1. Baki na mashine yako, nunua SSD, weka Linux Mint

Linux Mint ni mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, na SSD ni diski ya kisasa yenye kasi. Hili ndilo chaguo letu la kwanza kwa yeyote ambaye kazi zake ni kuandika, kuchapa, kutuma barua pepe na kuingia kwenye mifumo ya mtandaoni. ESS ya watumishi, NeST ya manunuzi, TAUSI ya halmashauri, maombi ya mkopo wa HESLB: yote yanafunguka kwenye kivinjari, na Firefox au Chrome ya Linux ni ileile uliyoizoea.

Unachonunua ni SSD ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 au 256, na RAM ya kufikisha GB 8. Kwenye RAM wengi huchemka. Mashine nyingi za kizazi cha 4 na cha 5 zinatumia DDR3L, na kibandiko cha kipande chake huandikwa PC3L. Herufi L ina maana umeme mdogo, volti 1.35, ukichomeka PC3 ya kawaida, mashine inaweza kukataa kuwaka kabisa. Kuanzia kizazi cha 6 nyingi zinatumia DDR4, iliyoandikwa PC4, na mkato wake uko mahali pengine hivyo haiingii kwa nguvu. Mwambie fundi afungue kwanza, asome kibandiko, ndipo ulipe.

Uzuri mkubwa wa kununua SSD badala ya kuifuta diski ya zamani ni huu: diski yako yenye Windows unaitoa ikiwa nzima na kuiweka kabatini. Linux ikikushinda baada ya wiki mbili, unafungua skrubu, unairudisha, na kila kitu kiko pale ulipokiacha. Hata hivyo nakili mafaili muhimu kwenye diski ya nje, maana diski kuukuu hufa bila kuaga. Usiishie kwenye Documents. Angalia Desktop, Downloads na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari.

Sasa kazi yenyewe. Pakua Linux Mint 22, ambayo itapokea masasisho hadi mwaka 2029. Faili lina karibu GB 3, kwa hiyo pakua kwa bando la usiku au mwombe fundi mwenye faili. Chukua toleo la Cinnamon kama RAM ni GB 8, la Xfce kama ni GB 4. Tafuta flashi ya GB 8, isiyo na kitu unachokihitaji kwa sababu itafutwa yote, kisha andika faili lile kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Kulinakili tu kama wimbo hakutaifanya flashi iwake. Zima mashine, chomeka flashi, washa huku ukibofyabofya kitufe cha kuchagua pa kuanzia: F9 kwa HP, F12 kwa Dell na ThinkPad.

Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hapa usiwe na haraka. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, mwanga wa kioo, na printa yako hasa. Vikikubali, bofya alama ya kusakinisha. Kwenye SSD huwa haizidi nusu saa.

Mambo yanayokwamisha tunayajua. Wi-Fi ya Broadcom mara nyingi haionekani mwanzoni: unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, fungua Driver Manager, shusha draiva yake (programu ya kuiendesha). Kwenye Dell nyingi kisakinishi hakioni diski kwa sababu BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine) imewekwa RAID. Ingia kwa F2, badilisha SATA Operation iwe AHCI. Ukifanya hivyo wakati Windows bado imo kwenye diski ileile, Windows inaweza kugoma kuwaka, sababu nyingine ya kuitoa ile diski kwanza. Ukiamua kuweka mifumo yote miwili, saa ya Windows itapishana kwa saa 3 kila ukirudi, kwa kuwa Linux huhesabu saa ya mashine kwa saa ya dunia na sisi tuko saa 3 mbele yake. Dawa ni amri moja kwenye Terminal: timedatectl set-local-rtc 1.

Printa ndiyo itakayoamua kwa mwenye steshenari. Epson za wino wa matangi kama L3110 na L3150 zina draiva za Linux. HP LaserJet P1102 inachapa, ila inataka kiongezeo cha HPLIP kinachopakuliwa kwa intaneti. Bila hicho itakaa kimya kama haijaunganishwa. Canon LBP2900 ni kichomi: draiva yake ya Linux ni ya zamani na inasumbua. Kama riziki yako inategemea Canon hiyo, acha walau kompyuta moja ya Windows dukani.

Nyaraka za Word zinafunguka kwa LibreOffice iliyomo ndani ya Mint. Tatizo ni fonti. Times New Roman haimo, inawekwa nyingine yenye upana uleule, na jedwali lenye mambo mengi linaweza kusogea. Sakinisha kifurushi kiitwacho ttf-mscorefonts-installer, kisha ripoti ya mwisho itume kwa PDF. Mwanafunzi ambaye msimamizi wake anasahihisha ndani ya Word kwa maoni ya pembeni, ajaribu sura moja huko na huku kabla ya kuhamisha tasnifu nzima.

Kuna mazoea ya vidole pia. Hakuna C wala D. Mafaili yako yote yanakaa kwenye folda moja iitwayo Home. Programu hupakuliwa kutoka Software Manager, na faili la .exe alilokupa rafiki halitafunguka. Na hili la flashi lishike vizuri: Linux huonyesha kunakili kumekwisha wakati bado inaandika nyuma ya pazia. Mteja akikuharakisha ukaing'oa flashi bila kubofya Eject, atafika Uyole na faili tupu. Bofya, subiri ujumbe kwamba ni salama, ndipo uchomoe.

Mwenye kutaka sura inayofanana zaidi na Windows achukue Zorin OS 18, Linux nyingine, iliyotoka siku ileile Windows 10 ilipokoma. Ubuntu, nayo ni Linux, ni imara, lakini muonekano wake humchanganya mtu wa Windows bila sababu.

Wasiohamia ni hawa: wanaotumia AutoCAD, ArchiCAD, Photoshop, Tally au QuickBooks ya kusakinisha. Msilazimishe. Nendeni namba mbili.

2. Mashine ya ofisini iliyotumika, kizazi cha 8 kwenda juu, yenye Windows 11

Majina ya kutafuta ni HP EliteBook 840 G5, Lenovo ThinkPad T480 na Dell Latitude 7490. Zote tatu zina nafasi mbili za RAM, na vipuri vyake si vya kutafuta kwa tochi. Tahadhari: majina hayohayo yalitoka pia na prosesa za kizazi cha 7. Usinunue jina, nunua namba ya prosesa. Mashine mpya ya Celeron, prosesa dhaifu, yenye boksi linalong'aa iache dukani. Windows 11 itaingia, lakini utaijutia kila asubuhi.

Kagua mbele ya muuzaji, na asikuharakishe. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika tpm.msc, hakikisha toleo ni 2.0. Fungua cmd (dirisha la amri), andika slmgr /xpr: ikionyesha kwamba imewashwa kwa kudumu (permanently activated), vema, ikikupa tarehe ya kuisha, hiyo mara nyingi ni Windows ya kuchakachua. Mashine hizi nyingi zina leseni halali ndani ya BIOS. Mwambie fundi apige upya toleo linalolingana na leseni, Pro kwa Pro, na itajiwasha yenyewe ikipata intaneti.

Kisha, humohumo kwenye cmd, andika powercfg /batteryreport ufungue ripoti ya betri. Linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa kujaa wa sasa. Betri iliyotoka na mWh 50,000 ikisoma 40,000, chukua. Ikisoma 24,000, punguza bei ya betri mpya, maana umeme ukikatika katikati ya kuchapa mitihani ndipo utakapojua.

Ingia BIOS, F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, ondoka. Mwambie pia airudishe mashine mwanzo na kuiunganisha na intaneti wakati wa kuanza: ikitokea sura ya kuingia yenye jina la kampuni ya ng'ambo, bado imesajiliwa kwao na itarudi kujifunga kila ikifutwa.

Chaja nayo ni mtego. Dell huitambua chaja yake; ukipewa ya kuiga, betri haijai na prosesa hupunguza kasi makusudi, ukadhani umeuziwa mashine mbovu. ThinkPad za miaka ile, T480 ikiwemo, zina kasoro ya Thunderbolt inayoweza kuua tundu la USB-C, ambalo ndilo la kuchajia. Lenovo ilitoa sasisho la kuirekebisha, basi liweke siku ya kwanza.

Anayeagiza Kariakoo mzigo ukapanda basi, aombe video ya skrini ikionyesha namba ya prosesa, ripoti ya betri na namba ya utambulisho (serial number) ya chini ya mashine, na siku za kubadilisha ziandikwe kwenye risiti. Mzigo ukifika stendi, pima siku hiyohiyo.

3. MacBook Air ya M1

Ni mashine tulivu, betri yake inakaa, na Office ya Microsoft inapatikana. Iko namba tatu kwa sababu RAM na diski haziongezwi kamwe, matundu ni mawili tu ya USB-C hivyo kigawanyio ni lazima, na ikiharibika ubao, fundi anayeiweza huenda akawa Dar es Salaam. Hakikisha akaunti ya iCloud ya mwenye awali imeondolewa na mashine haijafungwa na kampuni. Za Intel ziache: Air ya 2017 inaishia macOS Monterey, ambayo nayo haipokei tena viraka, na Apple imetangaza macOS 26 kuwa ya mwisho kwa Intel.

4. Chromebook

Kwa mtoto wa shule mwenye Wi-Fi nyumbani, sawa. Kwa mwingine, hapana, kwani bila bando inabaki kioo tu. Kila modeli ina tarehe ya kukoma masasisho. Isome kwenye mipangilio, sehemu ya About ChromeOS, kabla ya kulipa.

Usilonunua, na namna ya kulinunua

Utaonyeshwa mashine ya kizazi cha 6 au 7, ThinkPad T470 au EliteBook 840 G4, ikiwa na Windows 11 iliyopigwa kwa kuruka ukaguzi. Inawaka na inapendeza. Lakini masasisho makubwa ya kila mwaka hayatajileta yenyewe, na toleo lililomo likiisha muda utakuwa umerudi pale ulipo leo na Windows 10. Usiilipie bei ya mashine ya Windows 11. Muuzaji akikubali kuishusha bei hadi ya mashine ya kizazi chake, ikague vilevile betri, BIOS na chaja, ichukue, halafu rudi namba moja: T470 yenye RAM ya GB 8 na SSD inaendesha Mint bila kuhema.