Jioni mbili za kuendesha ndege ardhini gizani: tathmini ya mafunzo

Nimemaliza mafunzo ya jioni mbili katika chuo cha urubani jijini Dar es Salaam, yanayohusu kuitoa ndege ndogo aina ya Cessna 172 kwenye maegesho na kuifikisha salama kwenye barabara ya kurukia baada ya giza kuingia. Ninayapendekeza kwa kila mwanafunzi anayejiandaa kuruka usiku.

Jioni ya kwanza ilikuwa ya darasani. Mkufunzi alianza na ajali ya Taipei ya tarehe 31 Oktoba 2000, ambapo ndege ya Singapore Airlines, ikiwa katika mvua na upepo wa kimbunga, iliingia barabara ya kurukia namba 05R iliyofungwa kwa matengenezo badala ya 05L iliyoruhusiwa, ikagonga mitambo ya ujenzi, na watu 83 wakapoteza maisha. Baada ya hapo hakuna aliyeona kuwa tunapoteza muda tulipokariri rangi za taa: buluu pembezoni mwa njia ya kiungio (inayopeleka ndege kutoka maegesho hadi barabara ya kurukia), kijani katikati yake, nyeupe kandokando ya barabara ya kurukia, na ule mstari wa taa nyekundu ambao rubani haukatizi mpaka uzimwe, hata kama ameruhusiwa kwa redio.

Thamani kubwa zaidi niliiona jioni ya pili, ndani ya ndege. Taa za buluu zilizo mbali hujikusanya machoni kama shada moja, usijue njia inakatia wapi. Nilishika kalamu kuandika maelekezo ya mnara wa kuongozea ndege huku ndege ikijongea taratibu. Mkufunzi akakanyaga breki bila kusema neno, kisha akaninyooshea kidole nje, ambako taa yetu ya mbele ilikuwa inamulika majani. Katika sekunde hizo chache tulikuwa tumeuacha mstari wa njano wa katikati ya njia kwa hatua mbili nzima. Tangu hapo nasimamisha ndege kwanza, ndipo naandika, nasoma ramani na kulinganisha dira na uelekeo wa njia. Alinifundisha pia kuzima taa kali ndege nyingine inapotuelekea, adabu ambayo ningependa kuiona kwa marubani wengi zaidi.

Kasoro moja inahitaji kurekebishwa haraka. Tulipewa tochi zenye mwanga mwekundu ili macho yasipoteze mazoea ya giza, lakini ramani za uwanja tulizopewa zilikuwa na maeneo ya hatari yaliyozungushiwa duara jekundu, na duara hizo zilitoweka kabisa chini ya mwanga huo. Tochi ya mwanga mweupe hafifu ingetosha.

Nimewaomba waongeze jioni ya tatu wakati wa masika, kwa kuwa lami iliyolowa huakisi taa zote hizo na mistari ya rangi hufifia. Wakikubali, nitajiandikisha tena.